Breki za Asubuhi, Breki za Mchana

Sifa na shukrani ni kwa Mungu wetu, anayetupa pumzi kila kunapokucha bila kutuuliza ya jana tuliitumiaje. Ndiye aliyenifikisha kwenye umri huu wa kutafuta miwani ambayo nimeivaa, na bado akaniachia akili ya kukumbuka na mkono wa kuandika. Ninaanza kwake, ili haya nitakayoyasema yasiwe majivuno ya mzee bali yamfae anayesoma.

Mwanangu, nakumbuka siku moja ya msimu wa kuuza pamba, nilipokuwa kijana wa gereji hapa Bariadi. Siku hizi watu wa Somanda wananijua kama katekista mstaafu, yule mzee mwenye kigari cha zamani kinachowachelewesha bodaboda barabarani. Wachache wanajua kwamba kabla sijashika kitabu cha mafundisho nilishika spana, na kwamba baadhi ya mafundisho yangu ya kwanza niliyapata nikiwa nimelala chini ya gari.

Gereji ilikuwa ya Mzee Shigela, fundi mtaratibu, mzee wa kanisa. Alikuwa na desturi ya kuweka kiganja juu ya boneti kabla hajaifungua, akafumba macho, akasali kidogo. Wateja wageni walidhani anapima joto la injini. Ukimuuliza, alikuwa akijibu, "Hata hilo nalipima."

Asubuhi ile Mzee alikuwa amepitia hospitali kumwona mgonjwa, na mimi nilikuwa nimefungua gereji. Nilikuwa nimekwisha kuhitimu kwake, nafanya kazi bila kusimamiwa, na nilijua hivyo. Ndipo likaingia polepole gari dogo la rangi ya maziwa, milango miwili, taa za mviringo kama macho ya bundi. Hata wakati ule lilikuwa limeshazeeka. Nililifahamu kabla ya kumwona dereva. Lilikuwa gari la Mama Minza wa Sapiwi, ambalo wanakijiji walilibatiza jina la Mkunga.

Jina hilo lilikuwa na sababu. Mama Minza alikuwa muuguzi mkunga aliyestaafu, na marehemu mumewe ndiye aliyemwachia gari. Mwanamke akishikwa na uchungu Sapiwi, au mimba ikimsumbua, watu walikwenda kugonga kwa Mama Minza, naye akamlaza kiti cha nyuma na kumleta hospitali mjini. Wako watu wazima leo, wenye ndevu na watoto, ambao safari yao ya kwanza duniani waliifanya ndani ya gari lile wakiwa hawajatoka tumboni.

Siku hiyo hakuwa na mjamzito. Alikuwa na shemeji yake, Mabula, mdogo wa marehemu mumewe. Mabula alikuwa mwanamume mkubwa, mwenye kofia ya pama na kicheko cha kuamsha kuku, aliyewahi kuendesha malori ya pamba kabla ya kurudi kwenye ng'ombe wake.

"Mwangaluka, mayu," nilimsalimia mama kwa Kisukuma chetu, nikainama kidogo kama tulivyolelewa.

"Mwangaluka mhola, ng'wanawane," aliitika, akiniita mwanawe. "Shigela yupo?"

"Amekwenda hospitali mara moja. Ila mimi nipo."

"Shigela wa nini?" alidakia Mabula. "Huyu Luhende anatosha. Kama ni gari, atalitengeneza. Kama ni mguu wa mkunga wetu, hata Shigela hana spana yake."

"Mguu wangu uache, shemeji," alijibu Mama Minza. "Huu ndio uliokuja kwako unakimbia siku mkeo alipojifungua, wewe ukiwa umejificha zizini."

Mabula alicheka. Utani wa shemeji huo, mwanangu, kwetu unaruhusiwa, na mara nyingi unabeba maneno mazito ambayo watu wasingeweza kuambiana wakiwa na uso mkavu. Maana jambo lililowaleta lilikuwa zito kweli.

Siku chache kabla, Mkunga ilikuwa karibu kugonga mkokoteni wa pamba kwenye mteremko wa korongo. Mama alikanyaga breki, zikakataa. Akashusha gia, akavuta handibreki, akasimama pua ya gari ikigusa marobota. Vijana waliokuwa juu ya mkokoteni waliruka kama panzi. Habari ikafika kwa wazee wa ukoo, wakakaa, wakasema mama amezeeka, mguu hauna nguvu tena, siku moja ataua mtu au atajiua. Wakakubaliana hivi: gari lipelekwe kwa fundi. Fundi akilikuta na ubovu, litengenezwe na mama aendelee. Fundi akilikuta zima, basi ubovu uko kwa dereva, na ufunguo atakabidhiwa Mabula. Tayari kulikuwa na mtu wa Lalago aliyeliulizia.

"Na mimi nimekubali," Mama Minza aliniambia, akinitazama moja kwa moja. "Nimekubali kwa sababu najua gari haliko zima. Sikiliza, mwanangu. Ukikanyaga mara ya kwanza linaitika. Ila mara ya pili..."

"Usiwe na wasiwasi, mayu," nilimkatiza kwa upole kabisa. "Nitalipima lote."

Hapa lazima nikueleze kidogo kuhusu kifaa chenyewe, maana bila hivyo utaniona nasimulia mazingaombwe. Magari mengi yana dude la bati la mviringo mbele ya dereva, upande wa injini, kama sufuria mbili zilizofunikiana. Mafundi tunaliita busta. Ndani yake kuna ngozi ya mpira inayoligawa vyumba viwili. Injini ikiwaka hunyonya hewa kutoka ndani ya busta kwa kupitia bomba la mpira. Ukikanyaga pedeli ya breki, hewa ya nje inaruhusiwa kuingia chumba kimoja, inaisukuma ile ngozi, na ngozi inausaidia mguu wako. Ndiyo maana bibi mwembamba anaweza kusimamisha gari lenye uzito wa ng'ombe kadhaa. Busta likikosa kunyonywa hewa, breki zipo, lakini umebaki na mguu wako peke yake, na pedeli inakuwa kama umekanyaga jiwe.

Basi nilipima. Injini ikiwa imezimwa nilikanyaga pedeli mara kwa mara mpaka ikawa ngumu, nikaishikilia kwa mguu, nikawasha. Pedeli ikashuka taratibu chini ya mguu wangu, ndiyo alama kwamba busta linausaidia mguu. Nikazima, nikasubiri, nikakanyaga tena. Laini. Maana yake hewa haivuji kurudi ndani. Nikatega sikio kama kuna mlio wa kufyonza pale kwenye pedeli, hakuna. Nikatazama mafuta ya breki, yamejaa. Nikachungulia magurudumu, makavu. Nikachomoa bomba la mpira kwenye busta huku injini inanguruma, nikaziba tundu kwa kidole gumba, kikanyonywa barabara. Mpira wenyewe ulikuwa wa kijani, umefungwa kwa waya kila upande. Nikauminya. Mgumu, hauna ufa. Nikauona bora kuliko ile myeusi tuliyozoea kuikuta imepasukapasuka.

Sikuruka hatua hata moja. Ungeniletea mkaguzi, angenipa mkono. Nikafuta mikono, nikasema kwa sauti ya mtu aliyehitimu, "Mayu, gari ni zima kabisa."

Kwa kujivunia kipimo changu nilikuwa nimelisahau kabisa sharti la wazee, nikadhani nimempa habari njema. Ndivyo tunavyodhani sisi mafundi, kwamba kila mtu hufurahi kuambiwa hana ubovu. Nikamwona Mama Minza anakaa kwenye tairi kuukuu lililokuwa pale kivulini. Akaanza kufungua fundo la kanga alikofunga ufunguo wa akiba.

Mabula naye hakucheka. Alivua kofia. "Shemeji, si kwa ubaya," alisema kwa sauti ya chini. "Nitakuletea wajawazito wako hospitali kwa mkokoteni wangu mwenyewe."

"Mkokoteni," alisema Mama Minza. "Mwenye kifafa cha mimba umlete kwa mkokoteni, Mabula. Utafika naye wapi?"

Ndipo baiskeli ya Mzee Shigela ilipoingia.

Alisalimia kila mtu kwa zamu, akauliza habari za nyumbani, mvua, ng'ombe, na hakusahau kumtaja marehemu. Mimi nilikuwa nawashwa kumweleza kazi niliyoifanya. Nikaeleza. Alisikiliza yote, akatikisa kichwa kukubali kila hatua. Kisha akageuka, akavuta gogo, akakaa karibu na Mama Minza. Akaninyooshea kidole nami nikae.

"Mayu," alisema, "hebu nieleze. Huwa linaanzaje?"

Mwanangu, swali lile fupi bado nalisikia.

Mama alieleza. Alisema asubuhi breki huwa njema. Wakati wa kutoka Sapiwi huwa njema. Ila akishatembea mwendo mrefu na jua limepanda, akikanyaga mara ya kwanza linaitika, akiachia na kukanyaga tena inakuwa jiwe. Akipaki mahali akasalimiana na watu, akinywa maji, akirudi anakuta breki zimepona. "Ndiyo maana hakuna anayeniamini," alisema. "Kila nikimwonyesha mtu, anakuta limeshapoa."

"Na leo limetoka wapi?"

"Tulilala kwa dada yangu, hapo nyuma ya duka. Nimeliwasha tu kuingia hapa."

Mzee Shigela alinitazama, kisha akamtazama tena mama. "Ilianza lini?"

"Tangu wakati ule wa kupulizia pamba dawa."

"Ah, si wakati huo!" Mabula aliingilia. "Wakati huo ndipo nililitengeneza mimi mwenyewe! Lilikuwa linatetemeka kama lina homa. Nikalifunga vizuri, likatulia. Muulize."

"Kweli alilituliza," Mama Minza alikubali. "Kwa hilo namshukuru."

Kisha akamgeukia Mzee, na sasa sauti yake ilikuwa ya wodini. "Shigela, mimi nimepima watu miaka yangu yote. Mtu mwenye homa ya kupanda na kushuka akija asubuhi amepoa, kipimajoto kitasema mzima. Ukimrudisha nyumbani kwa sababu hiyo, jioni utaitwa kwenye kilio. Lazima umuulize huwa inampanda saa ngapi, halafu umsubiri."

"Umesema yote, mayu," alijibu Mzee. "Twende tukalisubiri lipande homa."

Aliweka kiganja juu ya boneti, akafumba macho. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Akamwambia Mabula aendeshe.

"Mimi?"

"Wewe una mguu wa lori. Breki zikikataa mguu wako, hakuna atakayesema ni uzee."

Tukajibana ndani ya Mkunga. Mabula magoti yake yaligusa usukani, Mama Minza kando yake, mimi na Mzee nyuma kama magunia. Tulizunguka mji kwanza, tukaenda barabara ya Sapiwi, tukatembea mwendo wa kawaida huku jua likipanda na bati la gari likianza kuchoma viwiko. Mzee alikuwa amekwisha kumwonya Mabula: hakuna mteremko, hakuna mbio, hakuna kujaribu karibu na watu wala mifugo, na mkono ukae karibu na handibreki. Hatukutoka kwenda kuchezea uhai.

Mara chache za mwanzo Mabula alikanyaga, gari likatii. "Mnaona?" alisema, akitutazama kwenye kioo. "Siagi." Akakanyaga tena baadaye. Siagi. Mimi nilianza kupata raha mbaya moyoni, raha ya mtu anayeona alikuwa sahihi. Mama Minza alikuwa anatazama mashamba tu.

Tulikuwa tumetembea sana tulipofika mahali tambarare, peupe pande zote, pamba imeshavunwa. Mzee akasema, "Jaribu hapa. Kanyaga, achia, kanyaga."

Mabula akakanyaga, gari likapungua. Akaachia. Akakanyaga.

Nilimwona mgongo wake unanyooka. Akasukuma, akajiinua kutoka kwenye kiti, kofia ikagonga paa ikaanguka, mguu mzima wa lori umesimama juu ya pedeli, na Mkunga inateleza tu mbele kama haijasikia. Handibreki ikalia. Tukaishia pembeni ya barabara, vumbi likatupita, likaendelea na safari bila sisi.

Injini inanguruma taratibu.

"Shemeji," alisema Mama Minza, "vipi tena? Mguu?"

Mabula alimtazama, akatazama pedeli, akaikanyaga tena. Jiwe. Kisha akaanza kucheka kicheko chake kile, hadi machozi, na mama naye akashikwa. Mimi peke yangu sikucheka, kwa sababu nilikuwa nakumbuka sauti niliyotumia kusema gari ni zima kabisa.

"Usizime," alisema Mzee Shigela. Akashuka, akafungua boneti, akatuita wote. Hakuonyesha kitu. Alisimama tu pembeni mpaka tuone wenyewe.

Ule mpira wa kijani, uliokuwa mgumu na mviringo asubuhi, ulikuwa umelainika kwa joto la injini. Na kwa kuwa injini ilikuwa inanyonya kupitia humo humo, ulikuwa umejibonyea kwa ndani na kubanana, bapa kabisa, kama mashavu ya kikongwe anayefyonza muwa. Hewa haikuwa na njia. Busta lilikuwa limebakiwa na akiba ya kukanyaga mara moja tu. Na kwa kuwa hakuna hewa iliyovuja, injini haikutetemeka, haikulia, haikumwambia mtu yeyote chochote. Mzee akazima injini. Tukasimama pale tukizungumza mambo ya mvua, na baada ya muda mpira ukaanza kujaa tena polepole mbele ya macho yetu, mpaka ukawa mzuri kabisa, kama haujafanya kosa lolote maishani mwake.

Mabula alikuwa ameacha kucheka. Akanyoosha mkono, akaugusa kwa ncha ya kidole. "Huu ni wa bomba langu," alisema. "Bomba la kupulizia pamba. Ule wa gari ulikuwa umepasuka, nikakata huu. Nilifunga mwenyewe." Akamgeukia shemeji yake, na yule mwanamume mkubwa alionekana amepungua. "Nilitaka kukunyang'anya ufunguo kwa kosa la mkono wangu."

Ningekuwa mimi Mzee Shigela, kwa umri niliokuwa nao, ningemhubiria. Yeye alisema, "Uliona gari la mjane linatetemeka, ukakata bomba lako zima ili ulitibu. Mungu ameliona hilo. Ila mpira wa bomba umetengenezwa kuvumilia kusukumwa kutoka ndani. Huku unanyonywa. Hiyo ni kazi nyingine, nao hukuuambia."

Mabula alitikisa kichwa. Mama Minza akaokota ile kofia ndani ya gari, akaikung'uta vumbi, akamvisha kichwani kama anavyomvisha mtoto. Kisha akapanda upande wa dereva.

Tulirudi yeye akiendesha, polepole, tukisimama mara kwa mara ili mpira upoe, na kila alipokanyaga alikanyaga mara moja tu, kwa ustadi ambao mimi na Mabula hatukuwa nao. Alikuwa ameendesha gari bovu kwa miezi na hakumgusa hata kuku. Wazee walikuwa wameita hilo uzee.

Gereji tulipata mpira mnene wa kazi hiyo, wenye nyuzi ndani, kutoka kwenye gari lililokufa. Niliufunga mimi. Mzee alinisubiri nimalize, akanisogeza pembeni, karibu na pipa la maji.

"Luhende, ulichopima ulipima sawasawa," alisema. "Sina la kukulaumu hapo. Lakini ulipima gari lililolala, na mama alikuwa analalamikia gari lililotembea. Alitaka kukuambia, ukamnyamazisha kwa maneno mazuri. Ungemtukana, angebishana nawe. Umemwambia asiwe na wasiwasi, akanyamaza. Hebu jiulize ni watu wangapi tumewanyamazisha kwa upole."

Akanituma kurudisha spana mahali pake.

Jioni tulilipima tena, safari hii likiwa la moto. Mama Minza alirudi Sapiwi na ufunguo wake, na Mabula alikaa kando, kofia magotini. Wazee wa ukoo walipokutana, nasikia Mabula ndiye aliyesimama kueleza, na alijisimulia kwa utani kiasi kwamba hakuna aliyebaki na la kumcheka.

Mama Minza aliendesha Mkunga miaka mingi baada ya hapo. Siku moja alikuja kwangu Somanda, wakati huo nikiwa nimeshaanza kazi ya ukatekista, akaniwekea ufunguo kiganjani. "Sasa ni macho," alisema. "Nimejipima mwenyewe, asubuhi na mchana. Sijaambiwa na mtu." Alikuwa anatabasamu. Hivyo ndivyo gari lile lilivyokuja kulala uani kwangu, na sasa yeye amelala kwa Bwana, nalo bado linawaka.

Na mwaka huu, mwanangu, zamu imenifikia. Mkunga ilianza kuwa nzito, pedeli inachelewa kurudi, magurudumu yanatoa harufu ya kuungua. Wanangu wakanipigia simu kutoka mijini walipo, kila mmoja kwa sauti ya upendo: Baba, umri umekwenda, pengine unasahau mguu juu ya breki. Baba, usiwe na wasiwasi, panda bodaboda. Nilinyamaza. Nikajua sasa Mama Minza alikuwa amekaaje juu ya lile tairi.

Akaja fundi niliyeelekezwa, binti anayeitwa Neema, ametoka chuo cha ufundi juzi tu, simu mfuko wa nyuma, vidole vyeusi kwa oili. Nilidhani ataanza na boneti. Akavuta kigoda, akakaa.

"Haya, Babu," alisema, "huwa linaanzaje?"

Nilishindwa kumjibu mara moja. Akadhani sijasikia, akarudia kwa sauti zaidi. Nikamweleza yote, mpaka mambo yasiyohusu gari, naye hakunikatiza. Nilipotaja kwamba nilikuwa nimelipaki msimu mzima kwenye banda la jirani anakohifadhi pamba, akainua kichwa. Akaliwasha, akasubiri lipate moto, akarudi kwenye busta, akafungua kichujio kidogo cha hewa kilicho nyuma yake, upande wa pedeli. Kilikuwa kimeziba kwa nyuzi nyeupe za pamba, zimeshikamana kama bandeji. Hewa ya nje ilikuwa inapita kwa shida, hivyo busta lilichelewa kusaidia na likachelewa kuachia.

"Ni pamba, Babu," alisema, akinionyesha kitonge kiganjani. "Wala si mguu."

"Wabeja," nilimshukuru. "Wabeja sana, mjukuu wangu." Nikamuuliza ni nani aliyemfundisha kukaa kwanza. Akasema bibi yake ni muuguzi. Nikacheka, nikamshukuru Mungu kimyakimya, kwa sababu nilikuwa nimehofia kwamba mambo haya yanazikwa na sisi.

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu, uwe fundi, mwalimu, mganga, mzazi au kiongozi wa jumuiya. Mtu akikuletea shida yake, kaa chini. Muulize inaanzaje, inaanza lini, na inatulia lini, halafu mwache amalize, hata kama tayari unajua la kufanya. Ukipima ukakuta hakuna tatizo, usiseme upesi kwamba halipo. Sema bado hujaliona, kisha tembea naye mpaka mahali linapompata, juani, kwenye vumbi, saa ile ya homa yake. Ukigundua chanzo ni mkono wa mtu aliyetaka kusaidia, mponye na yeye, usimvunje. Na wazee wako wakikuambia kitu kimebadilika, usiwe mwepesi wa kusema ni umri. Pengine ni pamba tu imeziba mahali.

Ukiwa barabarani na pedeli ikawa jiwe, usichanganyikiwe: kanyaga kwa nguvu zako zote, shusha gia, vuta handibreki kidogo kidogo, simama, umshukuru Mungu, na usiendelee na safari mpaka limetazamwa. Roho za watu zimo humo.

Wewe uliyesoma mpaka hapa, Mungu akupe sikio lisilochoka na mkono usio na haraka. Akupe mtu wa kukaa kwenye kigoda mbele yako siku utakapokuwa na la kueleza. Safari zako ziwe na mwanzo mwema na kituo cha amani, waliomo nyuma yako wafike salama, na pale nguvu ya mguu wako itakapoishia, yeye aliyekupa pumzi akuongezee ya kwake. Amina.